Paje: Pale mwani unapogeuka sabuni ya nywele

Katika kijiji cha Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ratiba ya siku hupangwa na bahari. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali hadi mgeni aliyelala hotelini hudhani bahari imehama. Hubaki mchanga mweupe, madimbwi ya maji ya uvuguvugu, na safu kwa safu za vigingi vilivyokitwa mchangani. Baina ya vigingi kuna kamba, na kwenye kila kamba kumefungwa matawi ya mwani.

Hapo ndipo kina mama huingia kazini. Hufunga leso viunoni, hujitanda vichwani, hubeba magunia na kushuka kuelekea upande wa mwamba. Wana saa chache tu. Huvuna mwani uliokomaa, hubakisha vipande vidogo kuwa mbegu, na kuvifunga upya kimoja kimoja. Maji yanapoanza kurudi, magunia yaliyolowa huwa yako njiani kupelekwa ufukweni.

Kwa muda mrefu habari ya mwani iliishia hapo: huanikwa, hupimwa mbele ya wakala, hupakiwa melini. Siku hizi sehemu ndogo ya mavuno hubaki nyumbani. Husagwa, huchanganywa na mafuta ya nazi, na kutoka ikiwa kipande cha sabuni cha kuogea na kuoshea nywele. Wageni wanakipenda kwa kuwa hakihitaji chupa. Wenyeji nao wana sababu zao za kukipenda, na pia wana maswali yao.

Njia ya kwenda maweni

Kutoka Mjini hadi Paje ni mwendo wa kilomita 50 hivi. Familia isiyo na gari hupanda daladala namba 309 iendayo Jambiani. Mwanzoni barabara hupita kwenye miembe na minazi, udongo ukiwa mzito na mwekundu. Baada ya Tunguu hali huanza kubadilika. Kisha huja msitu wa Jozani, ambako kima punju huvuka barabara bila haraka na madereva hupunguza mwendo kwa ajili yao.

Ukitoka Jozani umeingia maweni. Udongo ni haba, jiwe la matumbawe limejitokeza juu, na anayetaka kupanda muhogo au mtama hutafuta penye udongo katikati ya mawe. Jiwe hilo ndilo linaloeleza mambo mawili kuhusu Paje. La kwanza, ni kwa nini wanawake wa upande huu waliupokea mwani kwa mikono miwili. La pili, ni kwa nini sabuni hutoa povu shingo upande katika maji ya visima vya huku. Mvua inayopita kwenye jiwe la chokaa hubeba chokaa hiyo hadi kisimani. Kila nyumba huiona ndani ya birika, pale ukoko mweupe unapojijenga chini. Kumbe ukoko huo una ndugu yake kichwani, na habari yake itafuata.

Zao lililowafuata wanawake

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mwanzoni wanaume nao walishuka baharini. Wengi wao baadaye walirudi kwenye uvuvi, wakaenda kwenye ujenzi na hoteli, na mwani ukabaki mikononi mwa wanawake. Leo Zanzibar ina wakulima wa mwani zaidi ya 20,000, na takribani wanane katika kila kumi ni wanawake.

Fedha hiyo ilibadilisha mambo ndani ya nyumba. Mwanamke aliyekuwa akisubiri mume auze samaki alianza kuwa na mkoba wake. Ada za shule zililipwa, vyombo vilinunuliwa, na wapo waliojenga vyumba vya matofali kutokana na kamba zao. Katika vijiji ambavyo ardhi ya kulima ni mawe, bahari iligeuka kuwa shamba.

Lakini shamba hilo lina taabu zake. Chumvi hukausha ngozi na nywele, jua huchoma kutoka juu na kwenye maji, na mgongo huuma kwa kuinama. Bei nayo hupangwa mbali. Kilo moja ya mwani mkavu, ambayo ni zao la kilo saba hadi kumi za mwani mbichi, kwa kawaida humpatia mkulima mamia ya shilingi.

Mwani huo husafirishwa nje na kutolewa karajinani, kiungo kinachofanya vitu vishikamane na kuwa laini. Humo mna dawa ya meno, aiskrimu, krimu za ngozi, na hata shampuu. Kwa hiyo kilichovunwa Paje kinaweza kurudi kisiwani ndani ya chupa ya plastiki, kikauzwa dukani kwa bei ambayo aliyekivuna huitazama mara mbili kabla ya kufungua mkoba.

Juu ya hayo, bahari yenyewe inabadilika. Aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi, inayoitwa kotonii, haivumilii joto. Maji ya kina kifupi yamekuwa yakipata joto kali, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 aina hiyo imekuwa ikipauka na kufa katika sehemu nyingi za pwani. Iliyobaki kwa wengi ni spinosamu, ambayo ni shupavu zaidi lakini bei yake ni ya chini. Kotonii hustawi kwenye kina kirefu, na kufika huko kunahitaji chombo na kujua kuogelea, ujuzi ambao wasichana wengi wa pwani hawakufundishwa.

Katika mazingira hayo ndipo wazo la sabuni liliposhika. Mwaka 2006 ulianzishwa mtandao wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara wa mwani Zanzibar, ukiratibiwa na Dk Flower Msuya, mtafiti wa zao hilo kutoka Taasisi ya Sayansi za Bahari. Vikundi vya wanawake vilijifunza kutengeneza unga, sabuni na mafuta ya mwani. Kidoti, kaskazini mwa kisiwa, kuna kikundi ambacho jina lake linatosha kueleza hali: Tusife Moyo. Paje nayo ina kituo cha mwani ambako mgeni hupelekwa kwanza shambani maji yakiwa yamekupwa, kisha akaonyeshwa sabuni inavyotengenezwa.

Wiki sita majini, wiki sita rafuni

Mwani hukaa baharini kama wiki sita kabla ya kuvunwa. Sabuni iliyotengenezwa bila kupikwa hukaa rafuni wiki nne hadi sita kabla ya kuuzwa. Anayetaka fedha ya haraka kazi hii haimfai.

Mwani uliokauka huoshwa kwa maji baridi kuondoa chumvi na mchanga, huanikwa tena, kisha husagwa kuwa unga. Mafuta ya nazi hupimwa kwa mizani. Kilo moja ya mafuta hayo inahitaji takribani gramu 180 za kostiki soda ili yote yageuke sabuni, na watengenezaji makini hupunguza soda kidogo ili yabaki mafuta ya kulainisha ngozi. Hapo hakuna kukisia kwa kiganja. Soda ikizidi, sabuni huunguza.

Soda hutiwa ndani ya maji polepole, na kamwe maji hayamwagwi juu ya soda, maana huchemka ghafla na kuruka. Sufuria za alumini, ambazo ndizo zimejaa majikoni mwetu, hazitumiki, kwa sababu soda huzila na kutoa gesi ya hatari. Hutumika chuma cha pua au ndoo za plastiki ngumu. Glavu na miwani huvaliwa, na watoto huwekwa mbali.

Maji ya soda yakishapoa huchanganywa na mafuta na kukorogwa hadi yawe mazito kama uji. Ndipo hutiwa unga wa mwani na mafuta ya harufu: mchaichai, mdalasini, au karafuu. Mafuta ya karafuu kisiwa hakiyaagizi mbali, kwani kiwanda cha Makonyo kilichopo Wawi, Pemba, huyakamua kutokana na vikonyo vya karafuu. Lakini karafuu ina ukali wake. Ikitiwa, uji huganda upesi, na mkorogaji mzembe hujikuta na donge ndani ya ndoo. Ikizidi, huwasha ngozi ya kichwa.

Uji humiminwa ndani ya masanduku ya mbao. Baada ya siku moja au mbili hukatwa vipande na kupangwa rafuni penye hewa. Wakati wa masika kazi huwa ngumu pande zote mbili: mwani ulioanikwa hunyeshewa na kuharibika, na sabuni iliyo rafuni hutoka jasho kwa unyevu.

Mafuta ya nazi yana sifa moja ambayo mabaharia waliijua zamani: sabuni yake hutoa povu hata katika maji ya bahari. Kwa mama aliyetoka mwambani na chumvi mwilini, hilo ni jambo la manufaa.

Kwa nini wageni wanaitaka

Kuosha nywele bila chupa si jambo geni. Wazee wa pwani walitumia majani ya mkunazi, yaleyale yanayotumika kumwoshea maiti, na huko Oman unga wa majani hayo bado ni kioshea nywele cha kawaida. Neno shampuu lenyewe asili yake ni Kihindi, likiwa na maana ya kukanda. Chupa ndiyo iliyokuja baadaye.

Kipande kilirudi kwa nguvu kutokea Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mo Constantine na mwanakemia Stan Krysztal walibuni shampuu ngumu, na kampuni ya Lush iliyoanzia mji wa Poole ikaifanya bidhaa maarufu. Kampuni hiyo husema kipande kimoja kinachotoshea kiganjani huosha nywele kama chupa tatu za shampuu ya maji. Sababu ni rahisi: sehemu kubwa ya kilichomo ndani ya chupa ni maji.

Mwaka 2006 viwanja vya ndege vikaanza kuzuia vimiminika vya zaidi ya mililita 100 kwenye mizigo ya mkononi. Msafiri akagundua kuwa kipande hupita bila maswali. Kisha ikaja hofu ya plastiki. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya ikafuata mwaka 2017, na Tanzania Bara Juni 1, 2019. Chupa hazikuguswa na marufuku hizo, na anayetembea ufukweni baada ya kusi kuvuma huzikuta zimetupwa na mawimbi, zikiwemo zile ndogo zinazowekwa kwenye bafu za hoteli. Mgeni aliyeziona asubuhi huwa mteja mwepesi wa kipande kilichofungwa kwa karatasi jioni.

Sabuni si shampuu

Hapa ndipo penye jambo ambalo wauzaji wengi hulipita haraka. Duniani kuna vipande vya aina mbili vinavyouzwa kwa jina moja la shampuu.

Aina ya kwanza ni sabuni ya kweli, ya mafuta na soda, kama ile ya vikundi vya Unguja. Kipimo chake cha pH ni kama 9 hadi 10, ilhali ngozi ya kichwa ni kama 5 na nusu. Magamba madogo ya unywele hufunguka, na nywele huwa kavu. Ikikutana na maji ya chokaa, sabuni hiyo hutengeneza utando mweupe unaong'ang'ania. Huyo ndiye ndugu wa ukoko wa birikani. Mgeni mwenye nywele ndefu huosha mara mbili, mara tatu, na bado nywele zikawa kama zimepakwa nta. Hulaumu mwani, kumbe kisa ni jiwe lililo chini ya kijiji.

Aina ya pili haipiki mafuta kwa soda. Hutengenezwa kwa viungo vya povu vya kiwandani, vingi vyao vikitokana na nazi hiyohiyo. Huja vikiwa unga, huchanganywa na mafuta kidogo, hugandamizwa kwenye kalibu, na vipande huwa tayari bila kungoja mwezi. Havikwazwi na maji ya chokaa, na pH yake inaweza kulinganishwa na ya ngozi. Hivi ndivyo vinavyostahili zaidi jina la shampuu.

Basi vikundi viko njia panda. Sabuni inatumia nazi, karafuu na mwani wa nyumbani, na soda pekee ndiyo hununuliwa nje. Shampuu halisi ingewaridhisha zaidi wenye nywele laini, lakini kiungo chake kikuu kinaagizwa kwa fedha za kigeni. Ni ule mzunguko uleule, nazi kuondoka na kurudi ikiwa na bei mpya. Kinachoweza kufanyika leo bila gharama ni ukweli kwenye lebo: kuandika sabuni ya mwili na nywele, na kueleza jinsi ya kusuuza.

Hesabu ya mkoba

Kipande kimoja huuzwa maelfu ya shilingi, na unga wa mwani uliomo ndani yake ni kidogo sana. Wapo wanaosikia hivyo wakadhani sabuni itaokoa zao zima. Haiwezi. Zanzibar huvuna maelfu ya tani za mwani mkavu kila mwaka, na hata kama kila mtalii angeondoka na mkoba uliojaa vipande, sehemu kubwa ya mwani bado ingehitaji meli na mnunuzi wa mbali.

Thamani ya kipande inatoka kwenye kazi: kuosha, kusaga, kupima, kukoroga, kukata, kufunga na kumweleza mteja. Kwa mama mwenye mgongo uliochoka, kazi ya kivulini ina uzito wake hata kama fedha ni ileile. Kwa aliyeogopa kina kirefu, ni njia ya kuendelea kuishi kwa mwani bila kuhatarisha maisha.

Lakini soko lenyewe limesimama juu ya mguu mmoja. Utalii ulipokauka mwaka 2020, sabuni zilibaki rafuni. Na katika rasi ya Paje, watalii walewale wanaonunua sabuni huja pia kuteleza juu ya maji kwa tiara, wakigombania nafasi na kamba za mwani. Kila hoteli inayojengwa ni mteja mpya na ni njia moja ya ufukweni iliyopungua.

Ndiyo maana mteja wa pili, yule wa nyumbani, ana umuhimu. Hoteli za kisiwani zikiondoa vichupa vya bafuni na kuweka vipande vya vikundi, soko halitategemea mapenzi ya mpita njia. Na familia za Mjini, Dar es Salaam na Mombasa zikikizoea kipande hicho kwa bei ya nyumbani, kina mama watakuwa na mnunuzi hata msimu ambao ndege hazitui.

Kwa familia itakayonunua

Anayefika Paje na kurudi na vipande viwili vitatu atafaidi zaidi akizingatia haya. Kipande kisuguliwe kwanza kiganjani, kisha povu lipakwe kwenye ngozi ya kichwa. Kukisugua moja kwa moja juu ya nywele huzitatanisha, hasa za watoto. Macho yafumbwe, kwani sabuni hii huwasha.

Baada ya kusuuza, kijiko kimoja cha siki au maji ya limau ndani ya kopo la maji humwagwa kichwani na kusuuzwa tena. Utando wa chokaa huondoka na nywele hulainika. Wenye nywele za kipilipili, za kusuka au zilizokauka wamalizie na mafuta ya nazi kidogo zikiwa bado mbichi. Mwenye vidonda kichwani au nywele zilizotiwa dawa asubiri, au ajaribu sehemu ndogo kwanza.

Kipande kisiachwe ndani ya maji, maana joto na unyevu wa pwani hukiyeyusha kabla ya wakati. Katika nyumba za Paje dawa yake ni nyepesi: kifuu cha nazi kilichotobolewa chini. Maji huchuruzika, sabuni hukauka, na siku ya pili huwa ngumu kama ilivyotoka rafuni.

Mgeni wa daladala ya jioni ataviona vipande hivyo vimepangwa mezani, vya kijani iliyofifia, vikinukia mchaichai. Ufukweni maji yatakuwa yamejaa, vigingi havionekani tena, na bahari imefunika kazi yote ya asubuhi. Anayetaka kujua bei ya sabuni imepatikanaje, alale hadi maji yatakapokupwa tena, ashuke mwambani pamoja na wenye kamba zao.